Moto wa Kuzuia Mvua ya Harusi

Ijumaa, 2 Novemba

Nimelala chumba kile kile nilimozaliwa. Ukuta wake wa nyuma ndio ukuta wenyewe wa bustani ya wafalme wa Java. Ukiuwekea kiganja asubuhi una unyevu na joto kama shingo ya ng'ombe. Hilo halikubadilika.

Mbakyu – dada yangu mkubwa, Sutinem – ameniwekea chai mezani kwenye glasi yenye kifuniko. Glasi ya wageni. Yeye hunywea kikombe cha bati.

Nilikwenda Prague kijana, kusomea elimu ya maji kwa miaka mitano. Siasa za nyumbani zikapinduka nikiwa huko, pasipoti yangu ikafutwa, na miaka mitano ikawa hamsini. Baba alikuwa mtunza mabwawa ya bustani hii. Alikoma kuitwa kazini kwa sababu ya mwanawe aliye ng'ambo. Hakuna aliyenisimulia hilo waziwazi. Nimelijua kwa jinsi watu wanavyolizunguka, kama mtu anavyozunguka shimo gizani katika njia anayoijua.

Sasa nina pasipoti ya watu wengine na tikiti ya kurudi Jumanne ya tarehe 13. Sitaki kurudi. Naliandika hapa kwa kuwa sina mahali pengine pa kulisema. Nikimwomba Mbakyu nibaki, atakubali, atalazimika. Kisha yeye ndiye atakayeishi na majirani na minong'ono yao. Kwetu mtu haombi mahali. Hungoja mpaka aonekane anapo.

Mtaa wote una harusi kichwani. Gusti Raras, binti mdogo wa mfalme, anaolewa Jumapili ya wiki ijayo. Ni lazima iwe kabla ya mwezi wa Suro, maana hakuna Mjava mwenye akili zake anayeoza mwana katika Suro, nao unaingia siku nne tu baada ya harusi. Ndiyo maana sherehe imesukumwa hadi ndani ya mvua. Gari la farasi la maharusi litapita lango la bustani, na sisi wa mtaani tutafanya karamu yetu ndani, kando ya bwawa la kuogea.

Sisi. Nimeandika sisi.

Jumamosi, 3 Novemba

Kikao cha kugawa kazi, barazani kwa Pak – Bwana – Partono, mwenyekiti wa mtaa. Watu wote mikekani. Mimi nimepewa kiti. Kiti chenyewe kilikuwa kimoja tu.

Turubai wamepewa vijana. Makuti machanga ya kusuka mapambo wamepewa wanaume wa upande wa magharibi. Mlima wa wali wa manjano, ambao maharusi wataupokea langoni, ni wa Bu Jumirah, mkuu wa jikoni. Mzee mmoja asiyeona vizuri amepewa kulinda viatu. Akalalamika kwamba viatu vyote kwake ni kitu cheusi kimoja. Wakamwambia basi alinde hicho kimoja.

Kisha Pak Partono akanigeukia, mikono pamoja, sauti imeshuka: "Naye Pak Wiryo atatuheshimu kwa kuketi safu ya mbele."

Watu wakaitikia. Na mimi nikaitikia, nifanyeje?

Hata asiyeona amepewa kazi. Mimi nimepewa kukaa.

Jumapili, 4 Novemba

Nimefanya kosa la kijinga.

Wanawake walikuwa wanamenya vitunguu barazani kwa Bu Jumirah. Walikuwa wanasengenyana kwa raha, sauti zinafika hadi kwetu. Nikaenda, nikaketi pembeni, nikachukua kisu. Visu vyote vikasimama. Umbea nao ukasimama. Bu Jumirah akanyanyuka, akafuta mikono.

"Tuwie radhi sana, Pak. Chai imechelewa kufika?"

Nikasema haijachelewa, nataka tu kusaidia. Wakacheka kidogo, kwa adabu, viganja mdomoni. Nikamaliza nusu ya kitunguu katika kimya ambacho hata kanisani Prague sikukisikia. Nikaondoka. Sikuwahi hata kufika kwetu vizuri, sinia likanifuata: chai, ndizi za kukaanga, vikeki vya mchele, na salamu za kuomba msamaha.

Mbakyu akalitazama sinia.

"Umewafanya nini wale?"

"Nimemenya kitunguu."

"Kimoja?"

"Nusu."

"Nusu kitunguu, na mtaa mzima umeshikwa na homa. Kula hizo ndizi. Zikirudi, itakuwa kesi nyingine."

Nikala. Zilikuwa nzuri sana, na hilo lilinikera zaidi. Mgeni akisimama kufanya kazi, kwao maana yake ni moja: hakuhudumiwa. Nilijua. Mama alinifundisha nikiwa mdogo, nami nikasahau kwa kuwa sikudhani siku moja mimi ndiye nitakuwa mgeni.

Jumanne, 6 Novemba

Mvua tangu baada ya adhuhuri. Ile mvua yetu – haianzi, inaangushwa. Bwawa la kuogea limejaa majani.

Katikati ya mvua ikaja habari ya Mbah Setro. Huyu babu ndiye mzuia mvua wa bustani tangu enzi za mfalme aliyepita. Sharti la kazi yake ni kwamba tangu awashe moto wake mpaka sherehe iishe, haogi. Kwa hiyo leo alikuwa anaoga sana, kuweka akiba. Akateleza. Nyonga imevunjika, yuko hospitali.

Mtaa umeshindwa kuamua kati ya kulia na kucheka. Bu Jumirah amepita dirishani akisema kwa sauti, si kwangu, kwa dunia: "Mtu kazi yake kutooga, na bafu ndilo limemuua." Akajirekebisha: "Limemuumiza."

Anayeshika moto lazima awe amezaliwa ndani ya kuta hizi za bustani, tena mwenye mvi. Wazee wengi wa hapa waliingia kwa kuoa. Wenye umri mdogo wamezaliwa hospitali. Jioni Pak Partono alikuja kukaa nasi, akahesabu majina kwa vidole, na vidole havikuenda mbali. Mbah Setro. Mbakyu – lakini mwanamke hashiki moto huu, wanavyosema. Kisha akatazama dari. Mimi nikatazama chai yangu.

Nimepima mvua ya watu wengine karibu maisha yangu yote ya kazi. Asubuhi kwa asubuhi, kopo na rula, kando ya mto usio wangu. Sijawahi kuizuia hata tone.

Jumatano, 7 Novemba

Pak Partono amerudi. Ameongea juu ya kikohozi chake. Juu ya kuku wa jirani. Juu ya fundi wa gamelan, bendi yetu ya shaba na ngoma, anayedai ngoma kubwa ina huzuni. Halafu akasema ng'ambo ya mto yuko mzuia mvua mwingine, hodari, "lakini ni wa kule, mvua yetu haimjui." Akanywa chai. Akamwuliza Mbakyu – si mimi – "Hivi Pak Wiryo alizaliwa chumba kipi?"

"Hicho anacholala."

"Oo."

Kuku wa jirani akapita. Ndipo sauti ya Bu Jumirah ikaingia kwa dirisha. Kumbe alikuwa amesimama nje muda wote. "Pak, ukizunguka hivyo harusi itapita na talaka itafuata. Mwombe mzee wa watu awashe moto."

Nikawaambia ukweli. Kwamba mvua ya Novemba hupanda na upepo wa bahari ya kusini, hugonga mlima, huanguka mchana. Kwamba dawa pekee ni karamu ifanyike asubuhi. Kwamba mimi si mganga. Mimi nimesomea mvua tu.

Uso wa Pak Partono ukafunguka kama mlango. "Si ndiyo! Amesomea!"

Saa ya maharusi imepangwa na kasri, haisogezwi. Kwa hiyo nikauliza masharti. Moto usizimike. Nisioge. Nisitoke nje ya kuta.

"Na udhu?" nikauliza.

Pak Partono akasita. Bu Jumirah hakusita: "Udhu ni udhu, kuoga ni kuoga. Ila usiupitilize ukafika kwapani."

Nimekubali. Walipoondoka nilikuwa na furaha ya kijinga, kama mvulana aliyechaguliwa kucheza mpira. Nikamgeukia Mbakyu nimtanie. Alikuwa anakusanya glasi.

"Ungeweza kukataa," akasema.

"Kwa nini nikatae?"

"Baba alilaumiwa kwa kitu asichokifanya. Miaka mingi, Wiryo. Hawakunitukana hata siku moja. Walinisalimia vizuri sana. Nikipita walisimama, wakaniachia njia pana, kama mwenye msiba. Ile adabu ndiyo iliyonizeesha." Akafunika glasi. "Jumapili ikinyesha, wewe Jumanne una ndege. Mimi sina."

Nikabeba glasi zilizobaki.

Ijumaa, 9 Novemba

Nimewasha jana baada ya sala ya alasiri, chini ya tao la mfereji, mahali Baba alipokuwa akifungulia maji. Makumbi ya nazi, yanayotoa moshi mwingi kuliko moto. Chetezo cha ubani. Ufagio wa chelewa umesimamishwa kichwa chini miguu juu, na kila ncha imechomekwa pilipili nyekundu na kitunguu. Mtu wa kituo changu cha zamani cha mto angeniona angelia.

Lakini nakaa. Moshi unapanda wima kisha unalala kuelekea kusini. Naandika hali ya upepo pembeni ya ukurasa, mazoea hayafi.

Mbah Setro ametuma ujumbe toka hospitali, kwa mdomo wa Bu Jumirah: "Mwambie asitazame juu. Mvua ikitazamwa inajiona muhimu."

Ushauri mgumu. Mimi nimelipwa mshahara kwa kutazama juu.

Wanaopita wananiinamia. Chakula naletewa na kuombwa radhi kwamba hakina kitu. Mbah Setro, kwa ninavyosikia, walikuwa wakiziba pua wakimpita, na yeye akiwafukuza kwa kijinga cha moto. Hakuna anayeziba pua kwangu. Wanavumilia, macho mekundu kwa moshi, na kuniuliza kama nimepumzika vizuri.

Mbakyu anakuja na makumbi. Hakai.

Jumamosi, 10 Novemba

Siku mbili kavu. Watu wameanza kunitazama kwa namna fulani. Kwa ninavyojua mimi, upepo umegeuka kwa muda. Kwa wanavyojua wao, ni mimi. Pak Partono alileta vijana wa turubai wanione. Akawaambia turubai moja inatosha, nyingine wairudishe, ili bwawa lionekane. Nikamwambia aziache zote. Akacheka kama aliyesikia mtu mkubwa akijishusha.

Mbakyu alisikia. Alikuwa ameshika kapu. Akaniuliza polepole, baada ya wao kwenda: "Kesho?"

"Sijui."

"Wewe uliyesomea."

"Aliyesomea ndiye anayejua kwamba hajui, Mbakyu."

Akatikisa kichwa. "Baba naye alipenda kusema vitu kama hivyo," akasema. Ni mara ya kwanza amemtaja bila kushusha sauti. Akaweka makumbi, akaenda.

Mchana kutwa wamesuka makuti. Bustani imekuwa ya manjano na kijani kibichi. Kwenye nguzo za bwawa wamefunga migomba yenye mikungu. Nilisahau kuwa hivi ndivyo ilivyo harusi ikiwa ya wote: hakuna aliyealikwa, hivyo hakuna aliyesahauliwa. Isipokuwa wa kwenye kiti.

Jumapili, 11 Novemba

Asubuhi. Anga safi mno. Sipendi weupe huu. Mlima unaonekana mpaka mikunjo yake, na Baba alikuwa akisema mlima ukijionyesha hivyo unaaga. Sijamwambia mtu.

Gamelan imeanza. Ngoma kubwa haina huzuni yoyote, fundi alitaka tu kubembelezwa. Watu wamevaa batiki zao nzuri, wanawake nywele zimefungwa nyuma na maua ya asumini. Mbakyu amevaa kitambaa cha kahawia cha mama. Ameketi mbali na mimi, karibu na ngazi za bwawa, mahali ambapo anaweza kuniona na kuondoka haraka.

Adhuhuri imepita. Huko kasri wamechelewa, kama kawaida ya kasri. Mlima wa wali uko langoni juu ya meza, umezungushiwa mayai na maharage na pilipili. Bu Jumirah anaufukuzia nzi kama mlinzi wa benki. Kiti changu cha safu ya mbele kipo, kitupu, kina kitambaa cheupe. Hakuna aliyethubutu kukikalia.

Upepo umegeuka. Nimeuona kwenye moshi kabla sijausikia. Ulikuwa umelala kusini, ukasita, ukanirudia usoni. Nimeongeza makumbi. Sitazami juu. Natazama bwawa, na bwawa linanionyesha kila kitu: weusi unaingia kutoka upande wa ukuta, taratibu, kama mtu anayevuta shuka.

Naandika hapa hapa chini ya tao. Mikono inataka kufanya kitu, na moto unahitaji mkono mmoja tu.

Tone la kwanza limeanguka kwenye bwawa. Nimeliona duara lake. Halafu jingine. Makubwa, machache.

Gamelan imenyamaza. Si wote kwa pamoja, mmoja mmoja, mpaka akabaki mpiga marimba mmoja asiyetazama, naye akatazama. Watu wote wakageuka. Hawakutazama mbingu. Walinitazama mimi. Mbakyu alikuwa ameshasimama, ameshika kikapu chake kifuani.

Pak Partono alinijia akitembea taratibu, mikono pamoja, na sauti ile ya chini. "Hakuna neno, Pak Wiryo. Hakuna neno kabisa. Mvua ni baraka. Tunashukuru sana kwa taabu yako." Na wengine nyuma yake wakaanza kuitikia, ndiyo, baraka, baraka, wakiinama, na nikaona wanasogea pembeni kumwachia Mbakyu njia. Njia pana.

Sijui uso wangu ulikuwaje. Wa Mbakyu niliuona.

Ndipo Bu Jumirah akaja, sinia kichwani kujikinga, maji yanamtiririka shavuni, akampita mwenyekiti wa mtaa kama anavyopita mlingoti.

"Baraka nini? Wali wangu unalowa! Wiryo! Umekaa hapo siku tatu unanuka kama beberu, na moto wenyewe huu? Huu ni moto au kikohozi cha Partono? Puliza!"

Nimeduwaa. Watu wameduwaa. Kisha mtu nyuma akasema, "Ameoga huyo."

"Kwa harufu ile?" mwingine akamjibu. "Huyo hajaoga tangu Prague."

Wakacheka. Si kwa viganja mdomoni. Yule mzee wa viatu akauliza kinachochekwa ni nini, akaambiwa, akasema yeye haoni lakini harufu alishaipata tangu juzi, hakutaka tu kuwa wa kwanza kusema. Pak Partono amesimama hajui aweke wapi mikono yake.

Bu Jumirah hajamaliza. Amepiga magoti kwenye tope, anapepea makumbi kwa sinia lile lile. "Mwezi wa Rajabu namwoza binti yangu, hapa hapa, kando ya bwawa hili hili. Setro nyonga yake haitakuwa imepona. Ukinifanyia hivi Rajabu, mzee, nakutia ndani ya bwawa na batiki yako, uoge vizuri."

Rajabu ni mbali. Ni baada ya theluji yote ya Prague kuyeyuka.

Nilifungua mdomo niseme habari ya Jumanne. Mbakyu akanitangulia. Alikuwa ameshafika kwenye tao, sijui alifikaje. Amechuchumaa upande wa pili wa moto, anavunja kumbi kwa mikono yake mikavu, hanitazami, anamwambia Jumirah:

"Rajabu ataanza siku tatu mapema. Nitamwamsha mimi mwenyewe."

Matone bado ni makubwa, bado ni machache. Hayazidi, hayapungui. Vijana wanakimbia kurudisha turubai ya pili. Farasi wanasikika upande wa nje wa lango, kengele zao zinacheza mahali pamoja. Gari limesimama, hawaingii, hawarudi. Mtu anapiga kelele kwamba mwavuli wa dhahabu wa maharusi umefunguliwa. Mwingine anasema umefungwa.

Bu Jumirah ameniuliza, kwa sauti ambayo maharusi lazima wameisikia, kama nilisoma miaka hamsini yote ili kuandika au ili kupuliza. Mbakyu amenyoosha mkono anataka hii kalamu